Bastola Iliyomuua Szeto Bun

Kwa miaka sita Mak Yin-fong na Szeto Bun hawakuwa wamesemezana hata neno moja, na hilo si jambo dogo kwa watu wanaoshinda kwenye chumba kimoja, mmoja akimkabidhi mwenzake bunduki na mwenzake akiirudisha. Kila kitu kilipitia kwa mtu wa tatu.

"Mwambie huyo mama bastola yake nzito."

"Mwambie huyo bwana bastola haijanenepa. Mkono ndio umekonda."

Mtu wa tatu alikuwa Pui-shan, msaidizi wa mwongozaji, mwanamke wa miaka thelathini mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara. Hakujisumbua kurudia maneno. Aligeuza shingo tu, kushoto, kulia, ionekane ujumbe umefika, kisha akaendelea na chai yake ya maziwa.

Ugomvi ulianza na unyusi. Walikuwa wanapiga picha ya mapambano kwenye gati la mizigo, na Szeto, nyota wa filamu, akaileta bastola karibu na shavu kwa sababu alijiona anapendeza hivyo, ingawa Fong, mtunza silaha, alikuwa amemwambia mara nne anyooshe mkono. Risasi baridi haina kichwa, lakini moto inao, na moto ule uliula unyusi wa kushoto. Wiki ileile Szeto aliliambia gazeti la udaku kwamba bunduki za Mak Yin-fong zinatunzwa kama masufuria. Wiki iliyofuata Fong aliliambia gazeti hilohilo kwamba unyusi wenyewe ulikuwa wa wanja, kwa hiyo hasara ni ya duka la vipodozi. Watu walicheka jiji zima, kuanzia Mong Kok mpaka Aberdeen, na tangu hapo basi.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na moja, mwezi wa saba, joto la kukamua watu, na kampuni ilikuwa imekodi mkahawa wa zamani uliofungwa kule Sham Shui Po, wenye ngazi pana ya mbao katikati na madirisha ya vioo vya rangi. Humo ndani Szeto Bun alitakiwa afe.

Hiyo nayo ilikuwa habari ya mjini. Filamu thelathini na moja, na hajawahi kufa hata katika moja. Amepigwa, amefungwa kwenye matairi, ametupwa baharini, amefukiwa mchangani. Kila mara anaibuka, anakung'uta koti lake jeupe, anawasha sigara. Wapambe wake walisema ni heshima kwa watazamaji. Fong, aliyejua mambo ya watu kuliko watu wenyewe, alijua ni woga. Mtabiri mmoja pale hekalu la Wong Tai Sin alimwambia Szeto akiwa kijana kwamba siku atakayolala chini kama maiti mbele ya watu, kifo hicho kisipofungwa vizuri, kwa taratibu zake zote, kitamfuata nyumbani. Lakini mwenye fedha wa filamu hii hakutaka kusikia utabiri. Alitaka watu watoke sinema wakilia.

"Hata mimi ningeogopa," Fong alimwambia Pui-shan asubuhi hiyo, akizipanga bastola mezani. "Mtu umekaa miaka ishirini na tano hujafa, siku ya kufa hujui hata uanzie mguu gani."

"Dada Fong, atakusikia."

"Asikie. Itakupunguzia kazi."

Siku hiyo alikuja na silaha kumi na tano: bastola kumi na moja na bunduki ndefu nne. Zote zilikuwa chuma halisi kilichozibwa mtutu, kinachotoa mlio na moto tu, na kila moja ilikuwa na utepe wa rangi na namba kwenye kishikio. Ya kumuua Szeto ilikuwa namba saba, nyeusi, yenye utepe wa kijani. Leseni ya kuzitunza aliirithi kwa mjomba wake, na pamoja na leseni alirithi tabia. Mjomba alikuwa na mwiko mmoja: bunduki iliyoua mbele ya kamera hairudi sandukuni ikiwa moto. Inalazwa kwanza kwenye kitambaa chekundu mbele ya sanamu ya mungu Kwan Kung, kinawashwa kijiti kimoja cha udi, na mpaka udi uishe haiguswi. Kwan Kung mwenyewe, mwenye uso mwekundu na upanga wake mrefu, polisi humwomba na majambazi humwomba, na kwa hiyo watu wa sinema wanamwomba mara mbili, maana wao huigiza wote.

Kijiti kimoja ni kama nusu saa. Kwa miaka ishirini na saba Fong alikaa kando yake nusu saa hiyo. Siku hii hakukaa.

Kifo kilipigwa picha asubuhi, vipande viwili. Kwanza kuanguka. Hicho hakikuwa cha Szeto. Kilikuwa cha Tam Kau, mbadala wake, mtu wa makamo mwenye mabega yaleyale na kisogo kilekile, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa anaanguka kila mahali Szeto Bun anapotakiwa kuanguka. Kau alivaa koti jeupe, akasimama juu ya ngazi akiipa kamera mgongo, mwigizaji wa adui akafyatua namba saba mara tatu, vifuko vya damu vikapasuka kifuani, na Kau akashuka ngazi ishirini na mbili kama gunia la mchele lililokatwa kamba. Kilisikika kitu kikilia kwenye ngazi ya kumi na tano. Wengine walidhani ni mbao.

Kisha Kau akaondolewa, Szeto akalala palepale alipoishia Kau, akapakwa damu ya sukari mdomoni, kamera ikasogea kwenye uso. Adui akafyatua risasi ya mwisho. Macho ya Szeto yakaganda. Mwongozaji akapiga kelele ya "Kata!", na Szeto akainuka haraka kama mtu aliyekalia siafu.

Pui-shan alikuwa tayari na bahasha nyekundu. Ndiyo kawaida: anayekufa kwenye kamera anapewa bahasha papo hapo, ndani yake noti ndogo, na lazima aitumie siku hiyohiyo kabla hajalala, ili mkosi usishike. Szeto aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaiweka mfukoni.

Fong alikuwa amepiga magoti anaokota maganda ya risasi. Kwa pembe ya jicho alimwona Kau amesimama kando, akifuta viganja kwenye koti lake, akavinyoosha kidogo, kisha akavirudisha mfukoni. Aliona, wala hakuwaza. Alikuwa na maganda ya kuhesabu.

Akailaza namba saba kwenye kitambaa, akawasha udi. Ndipo mabinti wa vipodozi wakamwita kutoka jikoni ya zamani: wameletewa wali na nyama choma ya nguruwe, na mmoja wao alikuwa na habari mbichi ya mwimbaji fulani aliyekutwa na shemeji yake kwenye hoteli ya Macau.

"Njoo, Dada Fong, nisije nikairudia mara mbili."

Fong aliutazama udi. Aliitazama jikoni, imejaa watu, vicheko vimeshaanza bila yeye. Ni hatua ishirini tu, alijiambia, na mlango wa nje umefungwa. Akaenda.

Aliporudi, udi ulikuwa majivu na kitambaa kilikuwa kitupu.

Alihesabu sandukuni. Kumi na nne. Akahesabu tena kwa kugusa kila utepe. Kumi na nne. Ilikuwa saa saba na robo, na saa kumi Inspekta Yiu wa polisi, ofisi ya leseni za silaha, angekuja na orodha yake, kama anavyokuja siku ya mwisho ya kila filamu. Yiu hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na masikio ya visa. Silaha ikitoka mikononi mwa mwenye leseni, hata kwa dakika kumi, leseni inaondoka, na bila leseni Fong alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayejua jina la kila skrubu ya kitu asichoruhusiwa kukishika.

Alimfuata Pui-shan, akamwambia sikioni. Pui-shan akaweka chai chini.

"Mtu yeyote asitoke," Pui-shan akatangaza. "Kuna kitu cha Dada Fong kimepotea. Fungueni mifuko."

Hakuna seti inayotunza siri. Dakika tano baadaye kila mtu alijua ni kitu gani, na dakika ya sita Szeto Bun alitoka chumba chake cha kujipamba, kitambaa shingoni, nusu ya uso ikiwa na poda.

"Mwulize huyo mama," alisema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "amewauzia akina nani. Nataka kujua kama nitapigwa nayo nikienda kununua samaki."

Fong alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Mwambie huyo bwana," akasema, "aliyekuwa hataki kufa ni mmoja tu humu ndani. Na bado kuna picha moja, ile ya adui kuitupa bastola juu ya maiti. Bila namba saba, picha hiyo haipigwi. Bila picha hiyo, hajafa."

"Mwambie huyo mama aombe radhi."

"Mwambie huyo bwana afungue chumba."

"Mwambie hafunguliwi mtu chumba na mwosha bunduki."

Pui-shan aligeuza shingo mpaka akachoka. "Mimi sikai tena hapa katikati," alisema. "Gonganeni wenyewe."

Fong hakugonga. Aliusukuma mlango wa chumba cha Szeto kwa bega, akaingia, akafungua kasha la kwanza, la pili, la tatu. La kwanza lilikuwa na viatu vyenye kisigino cha ndani. La pili lilikuwa na vipande vitatu vya nywele za bandia, vimepangwa kwa ukubwa kama kaka na wadogo zake. La tatu alilifungua kwa hasira zaidi, na akajikuta ameshika mshipi mpana wa kubana tumbo, wa rangi ya ngozi, una vifungo kumi na viwili, mbele ya watu wote waliojazana mlangoni.

Bastola haikuwamo.

Mtu wa taa ndiye aliyeanza kucheka. Akajaribu kukigeuza kikohozi, lakini wa nyuma yake hakuwa na adabu hiyo. Kicheko kilipita kwenye ukumbi kama maji yaliyomwagika, na Szeto alisimama katikati yake, nusu ana uso, nusu hana.

Fong aliurudisha mshipi kashani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona aibu, lakini alikuwa hana muda wa kuishika.

"Leteni simu," Szeto alisema taratibu, na utaratibu huo ulitisha kuliko kelele. "Mwambieni Inspekta kuna silaha imepotea. Aje sasa hivi. Saa kumi mbali."

Hakuna aliyesogea, kwa hiyo alikwenda mwenyewe kwenye simu ya kaunta, akazungusha namba, akazungumza. Aliporudi alimpita Fong bila kumtazama.

"Mwambieni huyo mama ana nusu saa. Aanze kuaga masufuria yake."

Fong alibaki amesimama mbele ya meza ya kujipambia ya adui yake. Kwenye kioo ilibandikwa picha ya mama yake Szeto. Chini yake kulikuwa na paketi mpya ya sigara, na kando ya paketi bahasha nyekundu, imefunguliwa, haina kitu. Ameshaitumia, Fong aliwaza. Mwoga kweli huyu, hata chakula cha mchana hakijapita.

Kisha akaitazama tena.

"Pui-shan. Leo ulitoa bahasha ngapi?"

"Moja. Orodha inasema maiti mmoja. Szeto Bun, amekufa, moja."

"Aliyeshuka ngazi ni nani?"

Pui-shan alitoa orodha mfukoni na kuisoma kana kwamba ingeweza kuwa imebadilika.

"Kau," alisema. "Lakini Kau ni... Ni Szeto yuleyule, Dada Fong. Ni kifo kimoja."

"Risasi tatu zilimpata nani?"

Fong alikuwa ameshatoka, na kichwani mwake alikuwa anaviona vile viganja vikifutwa kwenye koti jeupe, vikinyooshwa, vikirudi mfukoni.

Alimkuta Tam Kau nyuma, kwenye ngazi ya zege inayoelekea uani, mahali walipokuwa wakipakulia mboga zamani. Boksi lake la wali lilikuwa mapajani, halijafunguliwa. Koti jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye bomba, na Kau alivaa fulana, na juu ya fulana amejizungushia bandeji kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Alikuwa anapumua kwa juu juu, kama mtu anayenusa harufu asiyoipenda.

"Mbavu?"

"Mbili. Labda tatu. Ngazi ya kumi na tano ina msumari."

"Mifuko yote imepekuliwa," Fong alisema. "Hakuna aliyempekua mtu aliyeumia."

Kau alimtazama bila woga na bila urafiki. Walifahamiana miaka mingi. Fong aliwahi kula kwenye harusi yake. Hakuna kati ya hayo lililoonekana usoni mwake.

"Hupati," alisema.

"Kau, hiyo ni leseni yangu."

"Na hizi mbavu zangu." Akaweka kiganja juu ya bandeji, upande wa kushoto, na Fong akaona umbo la kishikio likijichora. "Miaka kumi na tisa namwangukia. Yeye hafi, basi na mimi sifi. Naanguka, nainuka, naenda nyumbani kwa basi. Sijawahi kudai kitu. Leo nimekufa kwa mara ya kwanza, Dada Fong. Risasi tatu kifuani. Nimesimama pale nimetoa mikono kama omba omba, na bahasha imenipita ikaenda kwa aliyelala chini dakika mbili akilamba sukari. Unataka niingie hivi nyumbani kwangu? Kwa mke wangu? Na kifo mgongoni?"

"Nitakupa mimi. Hata kumi."

"Yako siitaki. Wewe hukufa kwa mwili wangu. Atanipa yeye, kwa mkono wake, mbele ya watu. Au namba saba inabaki na mtu iliyemuua."

"Ameita polisi."

"Nimesikia."

"Nikipiga kelele hapa utafungwa."

"Piga. Yiu akinikuta nayo, mimi nafungwa na wewe unafunga duka. Akisikia tu ilitoka kwako, unafunga duka." Alisema bila kupandisha sauti. Alikuwa ameshayapima yote. "Usinitazame hivyo. Sikukuchagua wewe. Ilikuwa imelala pale peke yake."

Hilo lilimwingia Fong kuliko kila tusi alilotukanwa na Szeto kwa miaka sita. Alikumbuka jikoni, na habari ya Macau, ambayo hata mwisho wake haukuwa mtamu.

Alirudi ndani. Saa ya kaunta ilionyesha saa nane kasoro kumi. Szeto alikuwa ameketi kwenye kiti chake chenye jina mgongoni, paketi mpya mkononi, wapambe wawili wakimpepea. Pui-shan alipomwona Fong anavyokuja, alijiweka katikati kwa mazoea. Fong alimshika mabega, akamsogeza pembeni kama kiti.

"Szeto Bun," alisema.

Ukumbi wote ukageuka. Hata mwongozaji, ambaye alikuwa amelala na gazeti usoni tangu chakula, alilitoa gazeti.

"Mimi huyu mama nasikia ananisemesha?" Szeto alimwuliza mpambe wake.

"Nakusemesha. Sikiliza, maana ni mara moja. Hiyo sigara umenunua kwa pesa ya bahasha?"

"Inakuhusu nini?"

"Bahasha ya nani?"

"Yangu. Nimekufa leo. Jiji zima litaniona."

"Uso wako umekufa. Kifo chenyewe kimeshuka ngazi ishirini na mbili na mtu mwingine. Yeye hakupewa kitu, na wewe umekula fungu lake na kuligeuza moshi." Fong aliinama mpaka wakawa uso kwa uso. Alinukia mafuta ya bunduki na alijua ananukia. "Mjomba wangu alikuwa na neno kuhusu watu kama wewe, lakini sitalisema, una mama yako kwenye kioo. Nitakuuliza tu. Kile kifo cha ngazini kilichoachwa wazi, unadhani kinamjua Tam Kau? Kilivaa koti lako. Kiliitwa kwa jina lako. Kikitafuta pa kwenda usiku, kitasoma jina la mlango wa nani?"

Sigara ilisimama nusu ya njia kuelekea mdomoni.

"Unanitisha kwa mambo ya wazee," Szeto alisema, lakini upande ule usio na poda ulikuwa umekuwa mweupe kuliko ule wenye poda.

"Na jambo la pili. Umemwita Yiu. Yiu akisikia pungufu, anafunga seti, leo hii. Picha ya mwisho haipigwi, ile unayolala na kisha unaamka na watu wanakupigia makofi. Filamu inakaa kabatini na wewe umelala chini mle ndani, hujaamka. Mwaka, miaka miwili. Mtabiri wako alisema nini vile? Kuhusu kufungwa vizuri?"

"Nani kakwambia habari ya mtabiri?"

"Watu wote wanajua habari ya mtabiri."

Szeto aliwatazama wapambe. Wapambe walitazama viatu vyao. Nje, upande wa barabara, mlango wa gari ulifungwa.

"Yuko wapi Kau?" alisema.

Kau alikuwa ameshafika. Alisimama chini ya ngazi ya mbao, koti jeupe mabegani, mbele ya doa la damu ya sukari. Pui-shan alichomoa bahasha nyekundu kwenye begi lake, akatia noti ya dola ishirini, akampa Szeto. Szeto alivuka ukumbi. Kwa namna alivyotembea ungedhani wanampeleka kunyongwa. Alipofika aliinyoosha ile bahasha kwa mkono mmoja, akitazama ukutani.

Kau hakuipokea.

"Chukua," Szeto alisema.

"Mikono miwili."

Mtu alibisha mlango wa mbele, akabisha tena. Pui-shan akapaza sauti kwamba funguo zinatafutwa.

"Wewe mtu wa kuanguka," Szeto alisema kwa meno yaliyoumana. "Kesho natafuta mwingine."

"Mtafute. Leo mikono miwili."

Szeto Bun alileta mkono wa pili. Aliinamisha kichwa kiasi cha upana wa kidole, kiasi ambacho baadaye wengine waliapa hakukiinamisha, na akaitoa bahasha inavyotolewa. Kau aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, na uso ukamkunjamana kwa maumivu ya mbavu alipoinama. Kisha, badala ya kurudi uani, alikwenda kwa Kwan Kung kama mtu anayekwenda kushukuru, akawapa watu mgongo, mgongo uleule ambao kamera iliupenda, akapiga magoti, akainuka, akaondoka.

Fong alikuwa pale kabla kitambaa chekundu hakijatulia. Namba saba ilimwingia mkononi ikiwa na joto la mwili wa mtu, joto kama la bunduki iliyofyatuliwa sasa hivi. Aliitia sandukuni hivyohivyo, ikiwa moto, na mwiko wa mjomba ukavunjika mara ya pili kwa siku moja.

Mlango ukafunguliwa. Inspekta Yiu aliingia akijifuta jasho, orodha kwapani.

"Nimeambiwa pungufu," alisema.

"Hesabu," Fong alisema, akafungua sanduku.

Yiu alihesabu kwa kidole, akisoma namba moja moja. Alihesabu kumi na tano. Aliigusa ya saba, akakiacha kidole juu yake kidogo.

"Hii ya moto."

"Tulikuwa tunafanya kazi."

Yiu alimtazama, kisha akatazama ukumbi, na ukumbi mzima ulikuwa na jambo la kufanya: wengine waya, wengine vikombe. "Aliyepiga simu ni nani?"

Hakuna aliyemtaja. Hawakuwa na haja. Szeto alikuwa ameketi tena, ana sigara mdomoni ambayo hajaiwasha. Fong alimtazama na hakumwomba kitu.

"Mwambieni afisa," Szeto alisema hatimaye, akimwelekea Pui-shan ingawa Yiu alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, "nilihesabu vibaya. Joto."

"Kupiga simu ya uongo ni kosa, Bwana Szeto."

"Mwambieni nimesikia."

Yiu aliandika kitu, akapiga mhuri kwenye karatasi ya Fong, akakubali chupa ya chai baridi na hakukubali kuketi. Alipoondoka, Fong alimfuata Kau kwenye ngazi ya zege. Hakumpiga, ingawa kiganja kilimwasha.

"Chuma changu hutakigusa tena," alimwambia. "Ukitakiwa kushika bunduki, utapewa ya mpira. Ukitakiwa kupigwa, utapigwa na ya mpira. Nenda hospitali."

"Baada ya picha ya mwisho."

"Picha ya mwisho ni ya uso. Wewe huhitajiki."

Kau alifungua boksi la wali lililopoa, akaanza kula kwa upande mmoja wa mdomo. Hakusema asante wala samahani, na Fong hakusimama kuzisubiri.

Picha ya mwisho ilipigwa saa tisa. Szeto alilala, adui akaitupa namba saba juu ya kifua chake, kelele ya kukata ikapigwa, Szeto akaamka, watu wakapiga makofi bila moyo, Pui-shan akatoa bahasha. Kisha Fong akailaza namba saba kwenye kitambaa, akawasha kijiti kipya, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa rafu ya Kwan Kung.

Kutoka jikoni walimwita. Yule mwimbaji, kumbe, hakuwa na shemeji. Alikuwa na mkwe. Kicheko kilipasuka huko ndani mpaka vikombe vikalia. Fong hakugeuza hata shingo.

Szeto alipita ameshabadilisha nguo, begi begani, akasimama mlangoni. Gari lake lisingeweza kutoka mpaka sanduku la silaha lipakiwe kwanza, maana gari la Fong lilikuwa limeziba uchochoro.

"Mwulize huyo mama," alimwambia Pui-shan, "kama hako kaudi kake kataisha leo."

Fong alipima kilichobaki kwa jicho.

"Mwambie huyo bwana kimebaki kidole kimoja," alisema. "Akae chini."